Nipe Mji

Bi Nyevu kaleta Proboksi alfajiri,
viti vya nyuma vimeng'olewa, vidumu vya maziwa ya Ganda vinagongana,
na taa ya injini, rangi ya embe bivu,
inawaka tangu Ramadhani.
Ameifunika kwa stika ya duka la simu.
"Tsuma, izime tu. Gari linakwenda."

Linakwenda. Hata mwenye pumu hukwenda.

Nikaingia chini, kadibodi ya friji mgongoni,
mchanga wa Maweni ukinitafuna viwiko.
Kitendawili!
"Tega," akajibu huko juu. Naona miguu tu,
kandambili za buluu, hina ya arusi ya juzi.
Nyuki wa watu hukimbia moshi;
sega langu, moshi ndio nyuki wake.

Kimya. Anafikiri, au anahesabu lita.

Lipo, au lilikuwapo:
tumboni mwa ekzosi, tofali la udongo uliochomwa,
matundu membamba kuliko ya chujio la tui,
kutani limepakwa platini na paladi,
vumbi ambalo ukilikwangua halijazi ukucha.
Humo huingia ile hewa isiyo rangi wala harufu,
inayomlaza mtu ndani ya gereji iliyofungwa
kama mtoto aliyeshiba;
huingia petroli iliyoutoroka moto;
huingia na ile kali, inayowasha macho
magari yakisongamana jioni.
Zinapita katika joto la kuyeyusha risasi
na nyingi hutoka zimetulia: mvuke, hewa,
na hewa ukaa, ambayo sega haliiwezi.
Sikusema linatoa malaika.

Mbele pana sensa, nyuma pana sensa.
Mahakamani mashahidi wakisema neno moja, kesi imekwisha.
Hapa wakisema neno moja ndipo taa inawaka,
maana yake kilichoingia ndicho kilichotoka.

Nikagonga bomba. Likalia debe.

Kisha nikauona mshono wa weldi,
magamba ya samaki yaliyolalia upande mmoja,
upande usio wa watu.
Mama alinifunga kitambaa mkono wa kushoto
mpaka nikajua kula kwa wa kulia.
Kuchomelea hakuna aliyenifunga.

Mwaka ule wa barakoa. Gari lilikuwa la mtu mwingine.
Kila Jumanne alipita bwana mmoja wa Mombasa
na mizani ya sonara ndani ya mfuko wa rambo,
elfu nne kwa sega, pesa mbichi.
Nikamwambia mwenye gari: hiki kidude kinalibana pumzi,
tukikitoa utaona linavyoruka.
Likaruka kweli, siku mbili tatu.
Nikalipa karo ya Dama, nikanunua changu mzima, na kichwa chake.
Kumi na saba mwaka ule.
Nilipokuwa nakata sikuhesabu; nahesabu sasa, chali,
na la kumi na moja ni la gari la chekechea,
hupita hapa saa moja na dakika kumi,
na Dama husimama nyuma yake akiwapungia wadogo zake
hadi moshi uwameze.

"Umeona nini huko?"

Upo ujanja. Nati ndefu, kimo cha kidole gumba,
inaisogeza sensa ya nyuma mbali na moshi,
inadanganyika, taa inalala. Mia tano.
Sega jipya ni ng'ombe wake wawili.
La mtumba, mmoja, tena yule mwenye mimba.

Spana mkononi. Tone la mafuta likaniangukia shavuni,
nikaliacha.

"Tsuma, kitendawili kimenishinda."
Basi nipe mji.
Akacheka, kandambili zikacheza mchangani.
"Chukua Malindi. Malindi nzima."

Na aliyepewa mji sharti atoe jawabu.
Nikajiburura nje, kadibodi imening'ang'ania mgongoni,
nikamnyoshea mkono wa kushoto.